Kompyuta Zimekataa Kushea Mafaili Kejani? Hii Hapa Rada Yote, Kutoka Kibera Hadi Kawangware

Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni, Kawangware 46. Saiba ndogo ya mabati, kompyuta tatu, printa moja. Kuna dem amesimama hapo na bahasha mkononi, barua yake ya kuomba kazi inafaa kufika kwa mkono, na ofisi inafungwa saa kumi na moja kamili. Barua iko kwa kompyuta ya dirishani. Printa imeshikana na ile ya kona. Mwenye saiba anafungua netwaki, anapata kompyuta ya kona haipo. Jana ilikuwa. Leo imeingia mitini.

Flashi nayo? Virusi ilishaikula wiki iliyopita.

Akanipigia. Mimi niko Olympic, Kibera, nadunga chapo madondo. "Brathe, hizi mashine zimekosana. Okoa jahazi." Nikamwelekeza kwa simu, dakika sita hivi, na saa kumi na dakika hamsini na mbili dem akatoka mbio na barua yake. Shida ilikuwa kitufe kimoja tu. Stima ilikuwa imepotea asubuhi, wakaunganisha waifai upya, na kompyuta ya kona ikajiambia hiyo ni netwaki ya watu baki.

Sina digrii ya hii maneno. Koleji niliacha mwaka wa pili karo iliposhinda mathe. Lakini hii shida ya mafaili nimeitatua kwa keja nyingi, kuanzia Gatwekera na Laini Saba hadi Gatina, na karibu kila mara ni vitu vilevile vinarudi. Kwa hivyo nimezipanga hapa zote. Sevu hii page, siku moja itakutoa kwa shimo. Majina ya vitufe nimeyaacha vile yako kwa skrini ya Windows ndio usipotee.

Kwanza elewa: kushea hakuli bando

Wasee wengi wanadhani bando zikiisha, kushea kumeisha. Zii. Kompyuta zikiongea ndani ya keja, rauta inafanya kazi ya kondakta tu: inachukua mzigo hapa, inashusha pale. Faili haitoki nje ya ploti. Hata ukichomoa waya wa intaneti kwa rauta, muvi bado itahama kutoka kwa mashine yako hadi kwa ya ndugu yako bila kukatwa hata shilingi.

Hii si kitu mpya mtaani. Tunapanda Institute, hapo Kibera, walijenga netwaki ya jamii inaitwa TunapandaNET, ikiunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena za juu ya paa, na masomo yakawekwa humo ndani watoto wayafungue bila kutegemea bando. Keja yako ni hiyo hiyo story, ni vile tu ni ndogo.

Lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kushea inaitwa SMB. Ilianzia IBM miaka ya 1980. Linux pia huiongea kupitia Samba, programu ambayo Andrew Tridgell wa Australia alianzisha mwaka wa 1992. Ndio maana msee wa Ubuntu na msee wa Windows wanaweza kubadilishana ngoma bila noma.

Kabla uguse kitu: shida yako ni gani?

Usianze kubonyeza kila mahali. Hapo ndio watu huharibu. Jiulize iko kwa kundi gani:

1. Kompyuta ya pili haionekani kabisa. Nenda A.
2. Inaonekana lakini inaitisha jina na paswadi, na ukiweka inakataa. Nenda B.
3. Folda inafunguka lakini huwezi kuweka ama kufuta kitu. Nenda C.
4. Jana ilifanya, leo imekataa. Nenda D.
5. Mashine moja ni ya kitambo sana. Nenda E.
6. Inafanya lakini inatambaa kama kobe. Nenda F.

A. Haionekani

*Hakikisha ziko kwa netwaki moja.* Kwa kila kompyuta bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, gonga Enter, halafu andika ipconfig. Tafuta mstari wa "IPv4 Address". Hiyo ndiyo namba ya nyumba ya kompyuta.

Kama moja ni 192.168.1.5 na nyingine 192.168.1.9, uko poa. Kwa rauta za nyumbani, sehemu tatu za kwanza zinafaa kufanana. Kama moja ni 192.168.1.5 na nyingine ni 192.168.0.7, hizo ziko ploti mbili tofauti hata kama meza ni moja.

Na ukiona namba inaanza na 169.254, hiyo kompyuta iliitisha rauta namba ikanyimwa, ikajipa yake. Angalia kebo, zima waifai uwashe tena, ama uandike ipconfig /renew.

*Rauta mbili: ugonjwa wa ploti.* Hii ndiyo naipata sana Kibera na Kawangware. Jirani mmoja analipia intaneti, wengine wanachanga, kebo inapitishwa juu ya mabati hadi kwa rauta ya pili kwako. Kebo ikichomekwa kwa ile shimo ya rangi tofauti imeandikwa WAN, rauta yako inaanzisha ploti yake ndani ya ploti. Kompyuta ya upande wa jirani na yako hazitaonana.

Dalili yake ni moja utaikumbuka: mmoja anaingia, mwingine haingii. Aliye ndani ya rauta ya pili anaweza kufikia mashine ya nje kwa namba yake, lakini wa nje hawezi kuingia ndani. Ukiona hivyo, usihangaike na Windows. Kama mnataka kuwa netwaki moja, ingia kwa rauta ya pili, iweke "AP mode" kama inayo. Kama haina, ibadilishe namba yake isigongane na ile ya kwanza, zima "DHCP server", halafu chomeka kebo kwa shimo ya LAN badala ya WAN. Lakini usikimbie kufanya hivyo kabla usome hii story hadi mwisho.

*Waifai ya wageni.* Rauta nyingi zina netwaki ya "Guest", na nyingine zina kitu kinaitwa "AP isolation" ama "Client isolation". Kazi yake ni kuzuia simu na kompyuta zisigusane. Waifai za mtaani, zile unanunua bando ya siku, mara nyingi zimefungwa hivyo makusudi, na ni vizuri kwa sababu humjui aliye upande ule mwingine. Hapo hutashea, utumie rauta yako ama hotspoti ya simu.

*Public ama Private.* Hii ndiyo ilikuwa shida ya yule dem. Windows ikipata netwaki mpya inauliza ama inaamua: hawa ni watu wa kwetu ama ni watu baki? Ikisema "Public" inajificha. Kwa Windows 10 na 11 nenda "Settings", "Network & internet", bonyeza jina la waifai ama "Ethernet", uchague "Private network". Fanya hivyo kwa kompyuta zote mbili. Ile yenye mafaili ikibaki "Public" hakuna kitu mmefanya.

*Washa vitufe viwili.* Tafuta "Advanced sharing settings". Chini ya "Private" washa "Network discovery" na "File and printer sharing". Cha kwanza ni kuonekana, cha pili ni kufungua mlango. Watu huwasha kimoja wanasahau kingine.

*Jaribu kuingia moja kwa moja.* Kompyuta kutoonekana kwa orodha haimaanishi haifikiki. Bonyeza Windows na R, andika \\192.168.1.5 (weka namba ya mashine yako) na Enter. Ikifunguka, shida ni ya kuonekana tu. Kwa hiyo mashine isiyoonekana, bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta "Function Discovery Resource Publication" na "Function Discovery Provider Host", uziweke "Automatic" na uziwashe.

*Isipofunguka, pima mlango.* Wengi hutumia ping, lakini Windows inaweza kukataa ping na bado iko hai, kwa hivyo usiamini hapo sana. Fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.5 -Port 445

Namba 445 ndiyo mlango wa SMB. Ikijibu "TcpTestSucceeded : True", mlango uko wazi na shida yako iko B ama C. Ikisema "False", kuna kitu kinazuia njiani: "Public", vitufe viwili hapo juu, ama antivirusi ya kununua iliyokuja na ukuta wake wa ulinzi. Zima huo ukuta dakika moja upime, halafu uuwashe. Usiuache umezimwa.

Kosa la hapa mara nyingi huja na namba 0x80070035. Maana yake tu ni kwamba njia haijapatikana. Soma A tena pole pole.

B. Inaitisha paswadi na inakataa

Hapa watu hulia. "Lakini hiyo ndiyo paswadi yangu!" Tulia. Kuna sababu nne.

*Unaweka PIN.* Ile namba fupi ya kufungulia lapi asubuhi haifanyi kazi kwa netwaki. Inatakiwa paswadi kamili ya akaunti.

*Akaunti haina paswadi.* Windows hairuhusu akaunti yenye paswadi tupu kuingia kupitia netwaki. Itafungua ukiwa umekaa mbele yake, lakini kutoka mbali itakutimua. Na mashine nyingi mtaani ziko hivyo.

*Unaweka jina la mashine isiyofaa.* Kompyuta inataka jina la mtu aliye kwake, si kwako. Njia safi ni kuunda akaunti moja ya kushea tu. Kwa mashine yenye mafaili, bonyeza kulia kwa cmd, chagua "Run as administrator", uandike:

net user shea PaswadiYako /add

Badilisha hiyo PaswadiYako, tafadhali. Halafu andika hostname upate jina la mashine. Tuseme ni KONA. Kwa kompyuta ya pili, ikiitisha jina weka KONA\shea, kisha paswadi uliyounda. Hapo umetoka.

*Inakumbuka mambo ya kale.* Kama uliwahi kuweka paswadi mbaya ukabonyeza ikumbuke, itarudia hiyo mbaya kila siku. Fungua "Credential Manager", "Windows Credentials", ufute ile ya hiyo mashine. Ukiambiwa tayari umeingia kwa jina lingine, andika net use * /delete kwa cmd na ujaribu upya.

Sasa kuna hii ya tano, na ni ya wale wa mashine za ex-UK. Dukani huwa wanaweka Windows kwa mashine moja halafu wanainakili kwa zingine zote, kwa sababu ni haraka. Matokeo: unanunua mbili, zote zina jina moja na hata kitambulisho kimoja cha ndani, kinaitwa SID. Jina ni rahisi, libadilishe kwa "Settings", "System", "About", "Rename". SID ndiyo noma. Kuanzia apdeti za mwisho wa Agosti 2025, Microsoft wenyewe walisema Windows 11 za 24H2 na 25H2 zinakataa kutambuana zikiwa na SID moja. Unaweka paswadi sahihi, inakataa, unaweka tena, inakataa. Kama ulinunua mashine mbili siku moja duka moja na umejaribu kila kitu, dawa ni kuweka Windows upya kutoka mwanzo kwa moja yao. Si kunakili. Upya. Hamisha mafaili yako pembeni kwanza.

Na kama ulikuwa umezoea kuingia bila paswadi yoyote, sasa unaambiwa "organization's security policies" zimekataa mgeni, hata kama hauna organaizesheni yoyote isipokuwa mathe na kuku wake, hiyo ni Windows ya siku hizi. Imefunga mlango wa wageni. Usitafute video ya kuufungua. Unda ile akaunti ya shea.

C. Inafunguka lakini huwezi kuweka kitu

Fikiria ploti. Kuna geti kubwa na kuna mlango wa keja. Keateka akikufungulia geti haimaanishi utaingia keja ya mtu. Windows iko hivyo. Geti ni ruhusa za "Sharing", mlango ni ruhusa za "Security". Ukipewa ruhusa kamili kwa geti na ya kusoma tu kwa mlango, utasoma tu. Ile kali ndiyo inashinda.

Ukitumia "Advanced Sharing" unafungua geti peke yake, na hapo ndio watu hukwama. Njia rahisi: tengeneza folda mpya, iite Kazi, iweke moja kwa moja kwa diski C. Bonyeza kulia, "Properties", "Sharing", kitufe cha "Share". Ongeza mtumiaji shea, mpe "Read/Write" kama anafaa kuweka vitu, ama "Read" kama anafaa kuangalia tu. Kitufe hicho kinapanga geti na mlango kwa pamoja.

Usishee "Desktop" yako yote, na usishee diski C yote. Shea folda moja.

D. Jana ilikuwa fiti, leo imekataa

Uliza swali moja: stima ilipotea?

Stima ikirudi, rauta inaamka upya na kugawa namba upya. Mashine iliyokuwa .5 inaweza kupewa .8, na ile njia fupi uliweka kwa skrini bado inabisha .5. Tumia jina badala ya namba: \\KONA\Kazi. Ama ingia kwa rauta, tafuta "Address reservation", uifungie mashine namba yake isihamehame.

Wakati mwingine kompyuta inaamka kabla ya rauta, inakosa namba, inajipa ile ya 169.254. Iwashe upya tu.

Ama imelala. Kompyuta ikilala, inapotea kwa netwaki. Ile yenye mafaili nenda "Settings", "System", "Power", uweke "Never" kwa kulala ikiwa kwa stima. Kama ni lapi, usiifunge.

Na cheki tena "Public" na "Private". Ukibadilisha rauta ama hata jina la waifai, Windows inaona ni mahali papya.

E. Mashine ya kitambo

Kuna saiba bado zina Windows XP imekaa hapo kona kama mzee wa kijiji. XP inajua SMB ya kwanza pekee. Windows 10 kuanzia toleo la 1709 la mwaka wa 2017 haiji na hiyo SMB ya kwanza. Kwa hivyo hawa wawili hawaelewani, ni kama mmoja anaongea Sheng ya sasa na mwingine ile ya miaka ya sabini.

Mtandaoni utaambiwa uwashe "SMB 1.0". Inafanya, sikatai. Lakini jua kwa nini ilizimwa. Tarehe 12 Mei 2017, virusi ya WannaCry ilipitia shimo la hiyo SMB, ikafunga mafaili ya watu kwa zaidi ya nchi 150 ikiitisha pesa. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na Microsoft walikuwa wametoa dawa tangu Machi. Wengi walioumia ni wale hawakuapdeti.

Kwa hivyo mashine ya XP itumie kuandika barua na kuprinti, usiitumie kushea. Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Windows 7 waliiacha Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine haiwezi kubeba Windows mpya, weka Linux nyepesi. Ni bure na inaongea SMB ya kisasa.

Kitu kingine, kama kuna mtu anakuambia utafute "HomeGroup", huyo amelala. Iliondolewa kwa Windows 10 mwaka wa 2018.

F. Inatambaa

Mtaani waifai zimejazana. Simama tu Makina ufungue orodha uhesabu. Zote ziko kwa hewa ya 2.4 GHz zinapigiana kelele, na mabati nayo yanarudisha mawimbi. Kama rauta yako ina 5 GHz na mashine ziko chumba kimoja, hamia huko. Kama haina, jaribu chaneli ya 1, 6 ama 11, ile haina watu wengi.

Lakini dawa kamili ni kebo. Kebo ya kawaida kwa rauta ya bei ya chini, ile ya 100 Mbps, hubeba kama megabaiti 11 kwa sekunde. Muvi ya gigabaiti 1.4 inahama kwa dakika mbili hivi. Hakuna waifai ya ploti iliyojaa itakupa hiyo kila siku.

Ukishindwa kabisa: njia za mkato

*Kebo moja, bila rauta.* Chomeka kebo ya mtandao kati ya kompyuta mbili. Zitajipa namba za 169.254 zenyewe, na hapo si mbaya kwa sababu zote zimejipa. Ingia kwa \\ na namba. Windows huwa inaziona kama netwaki ya "Public", kwa hivyo washa "File and printer sharing" upande huo kwa muda, uzime ukimaliza.

*Hotspoti ya simu.* Washa hotspoti, zima data, unganisha kompyuta zote. Simu nyingi zinakubali. Bando hazitaguswa.

*LocalSend.* Programu ya bure inayopita kwa waifai yako ya ndani, kutoka simu hadi kompyuta na kurudi. Kwa faili moja moja, hii inakutosha.

*Flashi.* Ukiambiwa faili ni kubwa sana na nafasi unaiona iko, flashi yako ni FAT32, haibebi faili moja ya zaidi ya gigabaiti 4. Toa vitu vyako, uifomati iwe exFAT.

Sasa hii ndiyo nilitaka usome

Miaka michache iliyopita, nikianza kazi hii, niliitwa saiba fulani Kawangware. Mafaili yamekataa. Nilikuwa na haraka na nilitaka kuonekana najua. Nikazima ukuta wa ulinzi, nikazima paswadi ya kushea, nikaweka "Everyone" na "Full Control" kwa folda yote. Ikafunguka mara moja. Mwenye saiba akafurahi, akanitoa soo tano, nikapanda mat nikijiona injinia.

Wiki tatu baadaye akanipigia, na sauti haikuwa ya kucheka. Waifai yake walikuwa wanachanga na majirani. Kijana mmoja wa ploti alikuwa kejani kwake, kitandani, na lapi yake, akafungua "Network" akakuta folda imekaa hapo. Ndani kulikuwa na vitambulisho vya wateja vimeskaniwa mbele na nyuma. PIN za KRA. Fomu za HELB zenye majina ya wazazi. Matokeo ya KCSE. Kila mtu aliyewahi kuketi hapo na kuamini hiyo saiba.

Huyo kijana alikuwa mtu wa maana, ndiye alienda kumwambia mwenye saiba. Lakini folda ilikaa wazi wiki tatu, na wangapi wengine waliifungua wakanyamaza, hiyo hakuna mtu anajua. Nilirudi nikaifunga bila kuitisha pesa. Tukafuta kila skani ya mteja aliyekwisha kuhudumiwa. Mwenye saiba hakunitusi. Alisema tu, "Mathe yangu ako hapo ndani pia." Ningependelea matusi.

Kwa hivyo kumbuka hii kitu. Hizo video zote zinakufundisha "home network" zinadhani nyumba yako ina ukuta na geti na familia yako pekee. Kwetu, waifai ni ya ploti. Ukibonyeza "Private" unaambia kompyuta imwamini kila mtu aliye kwa hiyo rauta, kuanzia fundi wa viatu hadi rafiki ya mtoto wa jirani aliyepewa paswadi jana.

Fanya hivi:

1. Acha "Password protected sharing" ikiwa imewashwa. Daima.
2. Usipeane ruhusa kwa "Everyone". Peana kwa akaunti ya shea.
3. Kama waifai ni ya kuchanga, ile rauta ya pili tuliongelea hapo A sasa ni rafiki yako. Chomeka kebo ya jirani kwa WAN, na mashine zako zote ziwe nyuma ya rauta yako na paswadi yako. Ninyi mtaonana, majirani hawataingia. Kile kilikuwa ugonjwa ndicho dawa.
4. Kama una saiba, skani ya mteja ifutwe akimaliza, hata kwa "Recycle Bin". Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama saiba yako ni ya mabati. Kitambulisho ni cha mwenyewe, si chako.
5. Kama folda yako ni ya muvi, angalia na familia. Kuwauzia watu nakala bila ruhusa ya mwenye kazi kunagongana na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na KECOBO ndio hushughulika na hiyo.

Kwa ufupi, ukiwa na haraka

Haionekani: cheki namba, halafu "Private", halafu vitufe viwili. Mmoja anaingia mwingine haingii: rauta mbili. 0x80070035: njia imefungwa, rudi A. Paswadi imekataliwa: si PIN, unda akaunti ya shea. "Access denied": geti na mlango. Ilipotea baada ya stima: tumia jina, si namba. Mashine mbili za duka moja zimekataana: weka Windows upya kwa moja. Na ukiona mtu anataka kukusaidia kwa kuzima ukuta wote na kuweka "Everyone", mwambie asante, umsindikize hadi stage.

Huyo msee nilikuwa mimi.